Taa ya Injini na Safari Yake hadi Mombasa

Madereva wengi wa Mombasa, na mafundi wao pia, huichukulia ile taa ya manjano yenye umbo la injini kuwa kilio cha injini yenyewe. Kwa asili yake, taa hiyo ni mlinzi wa hewa. Ilizaliwa California, ikapewa nguvu za sheria kote Marekani, kisha ikapakiwa melini ndani ya magari ya Kijapani na kushushwa katika bandari ya Kilindini bila ile sheria iliyoizaa. Shida yetu nayo inaanzia hapo, hasa kwa wenye magari ya spoti, ambao injini zao hazisamehe uzembe. Ili kuielewa inabidi kurudi nyuma sana, kabla ya gari lenyewe.

Kisiwa hiki kilijua vyombo na maonyo yake karne nyingi kabla ya petroli. Katika Bandari ya Kale, chini ya nyumba za mawe za Mji wa Kale, majahazi yaliingia na kaskazi na kuondoka na kusi. Kila jahazi lilikuwa na ngama, ile sehemu ya chini kabisa ambamo maji yanayopenya hukusanyika, na mabaharia waliyateka kwa zamu. Maji yakipanda upesi kuliko kawaida, nahodha alijua kuna ubao uliolegea au kalafati iliyotoka. Ubao gani, ngama haikumwambia. Ilibidi mtu ashuke atafute.

Mwaka 1896 kazi ya Reli ya Uganda ilianza Mombasa, na kisiwa kikapata mashine iliyoweza kuua. Nairobi ilifikiwa 1899, Kisumu 1901. Ndani ya kichwa cha garimoshi, dereva alitazama bomba la kioo lililoonyesha kimo cha maji kwenye bwela. Lakini waliounda injini hizo hawakumwachia dereva kila kitu. Juu ya tanuri waliweka plagi yenye kiini cha metali laini. Maji yakipungua mno, kiini kiliyeyuka na mvuke ukamwagika juu ya moto. Onyo la namna hiyo halikufunikwa kwa gundi na mtu yeyote. (Wakati huohuo, mjini kwenyewe, wakubwa walikuwa wakisafiri kwa troli zilizosukumwa na watu juu ya reli nyembamba kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Injini ya troli ilikuwa mtu, na ikichoka ilisema.)

Gari la petroli lilipokuja, barabara ndiyo iliyokuwa tatizo kubwa kuliko injini. Lionel Douglas Galton-Fenzi aliendesha kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926, na safari hiyo ilihesabiwa kuwa ya ajabu kiasi kwamba alijengewa mnara katikati ya Nairobi. Dereva wa enzi hizo alikuwa fundi kwa lazima. Alisikiliza mlio, akanusa mafuta yanayoungua, akagusa rejeta kwa kiganja. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, kampuni ya Hudson ilianza kuweka taa za onyo mahali pa saa za kupimia presha ya oili na umeme. Wajuzi walizidharau. Walisema saa humwonyesha dereva tatizo likija polepole, ilhali taa humwambia limeshafika. Malalamiko hayo yana haki hata leo.

Ufundi wa Mombasa ulikua kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kijana kumbebea fundi spana mpaka naye ajue. Ya pili ni shule. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi MIOME, ilifungua madarasa yake Tudor mwaka 1951 ikifundisha kazi za mitambo na ubaharia. Baadaye ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Njia zote mbili zilimfundisha fundi jambo moja: injini husikilizwa. Kabureta iliyochafuka, plagi iliyokufa, muda wa cheche uliopotoka, yote hayo yalikuwa na sauti yake.

Kipimo cha mwisho cha masikio hayo kilikuwa mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 kwa jina la Coronation Safari na ambayo kwa miaka mingi yalishuka hadi pwani kupitia Vilima vya Taita. Joginder Singh alishinda 1965 akiendesha Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Edgar Herrmann alishinda 1971 kwa Datsun 240Z, na Shekhar Mehta akashinda 1973 kwa gari la aina hiyohiyo, mara ya kwanza kati ya mara tano alizoshinda. Datsun ile ndiyo gari la spoti lililoingia kichwani mwa vijana wengi wa Afrika Mashariki: silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili, boneti ndefu. Kwenye dashibodi yake kulikuwa na saa za joto na presha ya oili. Taa ya injini tunayoizungumzia haikuwepo. Asiyejua kuisikiliza injini ile alibaki njiani.

Sasa twende California, maana huko ndiko mambo yalikogeuka. Mnamo Julai 1943 jiji la Los Angeles lilifunikwa na ukungu mchungu uliowachoma watu macho, na kwa kuwa vita vilikuwa vikiendelea, baadhi walidhani wamepigwa kwa gesi. Ilichukua miaka kadhaa kumpata mkosaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Pasadena, alionyesha kwamba ukungu ule hutokana na mvuke wa petroli na gesi za ekzosi zinapopikwa na jua. Mwaka 1967 jimbo likaunda bodi ya kusimamia hewa, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Kuanzia magari ya 1975, watengenezaji wengi Marekani walifunga katalisti kwenye ekzosi: mkebe wenye sega la kauri lililopakwa platini na metali nyingine ghali, ambalo hugeuza gesi zenye sumu kuwa gesi zisizodhuru sana.

Katalisti ni kifaa chenye madai mengi. Kinataka petroli na hewa viingie kwenye silinda kwa uwiano barabara, na kabureta haikuweza kuushika uwiano huo kwa muda mrefu. Bosch walikuwa tayari wameshatoa mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme mwaka 1967, ukifungwa kwenye Volkswagen. Karibu miaka kumi baadaye Volvo wakaongeza sensa ya oksijeni kwenye ekzosi kwa magari yao ya California. Sensa hiyo inaonja moshi na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze petroli. Tangu hapo injini ilikuwa na mtu wa tatu ndani yake, kati ya mguu wa dereva na silinda. Fundi wa kusikiliza hakuweza kumsikia.

Wasimamizi wa hewa wa California waliona hatari. Gari linaweza kwenda vizuri, likavuta vizuri, huku sensa imekufa na moshi wake ni sumu tupu. Dereva asingejua, na kwa nini ajali? Kwa hiyo waliagiza kwamba kuanzia magari ya 1988 kompyuta ijichunguze yenyewe na kuwasha taa ikiona hitilafu. Toleo la pili la kanuni hiyo likawa lazima kwa magari mapya yote Marekani kuanzia 1996. Hapo ndipo ilipopatikana soketi ya tundu 16 chini ya usukani, na lugha moja ya namba za hitilafu kwa watengenezaji wote. Umoja wa Ulaya ulifuata 2001 kwa magari ya petroli.

Kipimo kilichotumika kinaonyesha wazi taa ile ilikuwa mtumishi wa nani. Kwa sehemu kubwa, inatakiwa iwake moshi unapokuwa na sumu mara moja na nusu ya kiwango kinachoruhusiwa, au kifaa kinachosimamia moshi kinaposhindwa kazi. Ndiyo maana kifuniko cha tangi la petroli kisichokaza kinaweza kuiwasha, ingawa injini haina ugonjwa wowote: mvuke wa petroli unatoroka. Na ndiyo maana haiharakishi kuwaka. Hitilafu nyingi lazima zionekane katika safari mbili mfululizo kabla kompyuta haijasema, na zikitoweka kwa safari tatu, taa huzima yenyewe huku namba ikibaki kumbukumbuni kwa muda.

Kwa hiyo taa ilikuja Kilindini. Biashara ilipolegezwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani, mengine yakipitia Dubai, yalianza kumiminika bandarini. Baadaye shirika la viwango KEBS liliweka kanuni ya kutoruhusu gari lililozidi miaka minane. Lakini katika wimbi lile la kwanza, fundi wa Mwembe Tayari alikutana na kitendawili. Magari ya soko la ndani la Japani hayakufungwa na sheria ya Marekani. Mengi hayakuzungumza ile lugha moja. Mashine ya kupimia iliyonunuliwa kwa pesa nyingi iliunganishwa, ikanyamaza.

Mafundi wakarudi kwenye njia ambazo Wajapani wenyewe waliziacha humo. Kwenye Toyota, kipande cha waya kilichounganisha vitundu viwili vya kisanduku kidogo chini ya boneti kiliifanya taa ipepese, na fundi akahesabu: mipepeso miwili, kimya, mmoja, hiyo ni namba 21, akaitafuta kwenye karatasi iliyorudufiwa mara nyingi hadi herufi zikafifia. Subaru ilitaka plagi ndogo chini ya dashibodi ziunganishwe. Nissan ilikuwa na soketi yake peke yake. Huo ulikuwa ufundi wa kweli, na nadhani hatujaupa heshima yake. Watu waliolelewa na kabureta walijifunza kuhoji kompyuta kwa waya na uvumilivu.

Kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho kilikuwa ndani ya tangi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, ng'ambo tu ya kisiwa, kilikuwa kikifanya kazi tangu 1963, na katika miaka hiyo petroli ya Afrika ilitiwa risasi ili injini isigonge. Risasi huua katalisti na sensa ya oksijeni. Gari lililoshuka melini na mfumo mzima wa kulinda hewa lilijazwa petroli iliyouharibu mfumo huo tangi baada ya tangi. Taa ikawaka, fundi akaambiwa aizime, akaizima. Nani angemlaumu? Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikubaliana Dakar kuiondoa risasi, kazi ikasukumwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, na mwanzoni mwa 2006 petroli ya risasi ikawa imeondoka Kusini mwa Sahara. Changamwe yenyewe iliacha kusafisha mafuta 2013. Hata hivyo tabia iliyozaliwa enzi za risasi, ya kuiona taa kama usumbufu wa kizungu usiohusiana na nchi hii, haikuondoka na risasi.

Na sasa Subaru. Hakuna gari la spoti lililoota mizizi Kenya kama Impreza ya tabo. Patrick Njiru aliiendesha hadi nafasi ya 4 katika Safari ya 1994, na Colin McRae akashinda nayo 1997. Vijana waliokuwa wakitazama wakati ule ndio wanaozinunua leo zikiwa mitumba. Ni injini nzuri, na ni injini inayoadhibu. Tabo husukuma hewa nyingi silindani. Petroli ikipungukiwa kidogo tu, au ikiwa dhaifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati na kupiga pistoni. Magari haya yaliundwa kwa petroli bora ya Japani, ya oktani 98 hadi 100, ambayo kwa kawaida haipatikani kwenye vituo vyetu. Ongeza joto la pwani, foleni ya Likoni, na vichochoro vya Mji wa Kale ambako gari hutembea kwa gia ya kwanza kutoka Ngome ya Yesu hadi mwisho wa Ndia Kuu. Ongeza pia hewa ya chumvi, inayokula ncha za waya na plagi za sensa kimyakimya. Mara nyingi gari lenye taa katika mji huu linahitaji kusafishwa viungo vyake vya umeme tu, si kununuliwa sensa mpya.

Basi taa ikiwaka, kitu cha kwanza ni kuangalia inawakaje. Ikitulia bila kupepesa, na saa ya joto iko kawaida, na taa nyekundu ya oili haijawaka, gari linaweza kuendeshwa kwa upole hadi gereji. Mwenye tabo asiikanyage. Ikipepesa, mambo ni mengine kabisa. Kupepesa kwa magari ya kanuni ya 1996 na yaliyoifuata kunamaanisha silinda moja au zaidi haiwaki, petroli mbichi inamwagika kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya katalisti. Dakika chache za mwendo wa kasi zinaweza kuyeyusha kauri ile. Punguza mwendo mara moja, egesha panapofaa, na kama injini inatetemeka ita gari la kuvuta. Gharama ya kuvutwa kutoka Nyali hadi kisiwani ni ndogo kuliko ya katalisti, sembuse pistoni.

Baada ya hapo ndipo kifaa cha kusomea kinapoingia. Siku hizi kipo kidogo kinachotosha kiganjani, kinazungumza na simu, na bei yake haimzuii mwenye gari la spoti. Lakini namba inayotoka hutaja dalili. P0171 inasema hewa imezidi petroli. Huenda ni bomba la mpira lililopasuka baada ya kipimo cha hewa, jambo la kawaida sana kwenye tabo zenye umri, au kipimo chenyewe kimechafuka, au pampu ya petroli imechoka. P0301 inasema silinda ya kwanza haiwaki. Koili na plagi zihamishwe kwenda silinda nyingine uone kama namba nayo itahama. P0420 inasema katalisti haifanyi kazi ipasavyo, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu tundu dogo kwenye ekzosi karibu na sensa linaweza kutoa namba hiyohiyo. Nahodha wa Bandari ya Kale asingeng'oa mbao zote za jahazi kwa kuona maji ngamani. Fundi anayesoma namba kisha akakutuma moja kwa moja kwenye duka la spea amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Kuna fundi mbaya kuliko huyo. Ni yule anayefuta namba bila kuiandika, akafuta pamoja nayo picha ambayo kompyuta iliihifadhi ya hali ya injini wakati wa hitilafu: joto, mzunguko, mwendo. Yupo anayebandika utepe mweusi nyuma ya dashibodi, au kuchomoa balbu. Na yupo anayekushauri uondoe katalisti «ili gari lipumue», kisha anaiuza kwa wanunuzi wa platini. Mwenye gari hubaki na mlio mkubwa na taa iliyowaka daima, na siku hitilafu ya kweli itakapokuja, hatakuwa na taa nyingine ya kumwonya.

Tusijidanganye kwamba udanganyifu huu ni wa jua kali peke yake. Mnamo Septemba 2015 Marekani ilifichua kwamba Volkswagen waliweka programu iliyotambua gari linapopimwa, ikasafisha moshi kwa muda huo tu, kisha ikaacha sumu itoke barabarani. Kampuni ilikiri kuwa magari takriban milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Wahandisi wenye shahada walifanya kwa kompyuta kile ambacho wengine hufanya kwa utepe mweusi. Walikamatwa kwa sababu kulikuwa na sheria na watu wa kuisimamia. California, gari lenye taa iliyowaka halipiti ukaguzi wa moshi, basi. Kwetu, kanuni za ubora wa hewa zilitolewa 2014, lakini kupima moshi wa magari ya kibinafsi mwaka hadi mwaka hakujawa desturi. Taa inaachwa mikononi mwa hiari ya mwenye gari.

Naona hapo ndipo pa kurekebisha, na si jambo gumu. Soketi ya tundu 16 ipo kwenye karibu kila gari linaloshuka Kilindini leo. Wakaguzi wa KEBS na wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wanaweza kuisoma kwa dakika chache, bila mtambo wa mamilioni. Wakazi wa mitaa ya Kibokoni na Kuze katika Mji wa Kale, ambao madirisha yao yako hatua chache kutoka kwenye ekzosi zinazopita, wana haki ya kuidai hatua hiyo kuliko mtu mwingine yeyote nchini.

Wakati tukingoja, wewe unayekwenda yadini kutazama Impreza yako ya kwanza, usianze na rangi wala mlio. Zungusha ufunguo hadi dashibodi iwake, kabla ya kuwasha injini. Taa ya injini lazima ionekane, kisha izime injini ikishawaka. Ikikataa kuonekana kabisa, kuna mtu ameificha. Ikionekana na kuzima vizuri, chomeka kifaa cha kusomea uangalie kama kompyuta imemaliza kujichunguza. Ikiwa haijamaliza, huenda namba zilifutwa asubuhi hiyohiyo kwa ajili yako. Rudisha ufunguo kwa muuzaji na uende yadi ya pili.